Nyumba ya Mnunuzi

Ukitaka kununua nyumba huku kwetu milimani, usiingie kwa mlango wa mbele. Salimia wenyeji, kataa kiti kwa adabu, kisha zunguka nyuma. Nyumba zetu nyingi zimechimbiwa ubavuni mwa mlima, na ukuta wa nyuma unaegemea udongo mwaka mzima, masika na vuli. Huko ndiko ugonjwa unakoanzia. Bandika kiganja ukutani, uhesabu mpaka ishirini. Ukikiondoa kimelowa, rudi mbele, kunywa chai ya watu, aga vizuri, uende zako.

Haya nimeyajua kwa gharama. Mume wangu alikuwa fundi, seremala kwa kufundishwa na mwashi kwa kujitia, na katika miaka ile ya Ujamaa tulinunua nyumba kuukuu sita, tukazitengeneza moja baada ya nyingine, na tano tukaziuza. Yeye alianzia mbele siku zote. Mlango ulikuwa umeshapakwa rangi ya buluu kabla hatujajua kama paa linavuja. Nikimwuliza habari za nyuma, ananiambia, "Mnunuzi anakuja kwa mbele, mama watoto. Hashuki kutoka mlimani kama nyani."

Vijana wa leo wanaponisikia nikisema "tuliuza nyumba" wanadhani tulikuwa matajiri wa viwanja. Wapi! Ardhi ilikuwa ya umma, na ulichoweza kuuza ni maendelezo tu, yaani kuta, paa, milango na jasho lako. Hata hayo uliyauza kwa sauti ya chini. Mwenye nyumba asiyokaa ndani yake aliitwa mnyonyaji, na mwenye kununua nyumba ili aiuze aliitwa mlanguzi. Ukishapachikwa jina moja kati ya hayo, hata harusini watu walikupisha ukae peke yako.

Mume wangu akapata dawa yake: tukae humo humo. Nyumba yenye moshi jikoni, nepi kambani na watoto wanaogombana mlangoni haiwezi kuwa ya biashara. Kwa hiyo mimi na wanangu tukawa sehemu ya ukarabati, kama misumari. Alinifundisha na maneno ya kumwambia balozi wa nyumba kumi, yule kiongozi wetu wa mtaa, kila alipopita na daftari lake: "Hapa ndipo kwetu, hatuhami." Nimeyasema katika nyumba tano, kwa mabalozi watano, uso mkavu. Miezi michache baadaye nafunga vitanda.

Kazi yenyewe, nikiri, niliipenda. Nilikanyaga udongo na majani makavu mpaka ukawa laini, nikakandika kuta kwa mikono yangu, nikajua mti upi wa nguzo unakubali msumari na upi unapasuka. Nilijifunza pia kwa makosa ya mume wangu. Katika nyumba ya kwanza, kule Soni, aliona boriti za jikoni ni nyeusi tititi kwa masizi ya miaka mingi, akasema mnunuzi ataona ni uchafu. Tukakwangua siku nne. Macho yalituwasha, meno tu ndiyo yalibaki meupe. Boriti zikatoka safi, zina rangi ya asali, mume wangu akazitazama kama bwana harusi. Haikupita miezi mitatu, unga mweupe ukaanza kudondoka kwenye sufuria zangu. Wadudu walikuwa wanakula paa. Masizi ndiyo yaliyokuwa yakiwazuia miaka yote hiyo, na sisi tumeyatoa kwa bidii. Basi wewe usiguse masizi. Mwambie mnunuzi ni dawa, kwa sababu ni kweli.

Lakini neno hilo, mnunuzi! Nililichukia kuliko panya. Muda wote wa kazi aliishi kwenye mdomo wa mume wangu tu, lakini yeye ndiye aliyekuwa baba mwenye nyumba. Mnunuzi hapendi moshi, kwa hiyo jiko langu lilipakwa chokaa na mimi nikapikia nje chini ya kipande cha bati. Mnunuzi hapendi kuta zenye alama za vidole, kwa hiyo watoto walipita katikati ya chumba kama wamebeba mayai. Mnunuzi anapenda madirisha makubwa. Basi Julai, ukungu unapoingia mpaka kitandani, sisi tulilala tumekumbatiana kwa heshima ya madirisha yake. Mwanangu wa kwanza alipoanza shule aliulizwa na mwalimu anakaa wapi. Akajibu, "Kwa Mnunuzi." Mwalimu akadhani ni jina la mjomba, akanitumia salamu: nimfikishie Mzee Mnunuzi shikamoo yake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikiwa pale chini kicheko kikaniisha.

Nyumba ya sita ilikuwa juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mwenyewe alikuwa anahamia Muheza kulima machungwa, ana haraka, akatuachia kwa bei ya mtu mwenye haraka. Ilikuwa imechoka: bati lina kutu, ukuta wa mbele una mimba, mlango unafungwa kwa kamba. Nami nikaipenda siku ile ile. Ukisimama mlango wa jikoni unaona mapaa ya mji chini na moshi wa asubuhi ukipanda taratibu. Maji yalikuwa karibu, shule karibu, na sokoni nilipouza kabichi na karoti nilifika kabla jasho halijanitoka. Na nilikuwa nimeshika mimba ya tatu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa nyumba ya kwanza, wa pili akazaliwa ya tatu, na zote mbili sasa zina wenyewe. Huyu nilitaka azaliwe mahali ambapo akiwa mtu mzima ataweza kupita na kusema pale ni kwetu.

Nikamwambia baba watoto bila kuzunguka. "Hii nataka tukae."

"Hii ni ya mwisho kuuza," alisema. "Baada ya hii tunajenga yetu."

"Ulisema hivyo kwenye ya nne."

"Ya nne nilikuwa natania."

Alikuwa mtu mzuri, msinielewe vibaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nyumba ikishapendeza alikuwa haoni tena sababu ya kukaa ndani yake. Nikajua nikigombana naye nitashindwa, kwa kuwa yeye alikuwa na mdomo wa fundi na mimi nilikuwa na kichefuchefu.

Tulifanya kazi tangu masika yalipoisha. Aliinua ukuta wa mbele upya, akapiga lipu, akapindua mabati upande ule usio na kutu sana na kuziba matundu kwa lami. Ukuta wa nyuma, wa chumba cha kulala, ulikuwa na baka kubwa la unyevu. Nikamwambia tuchimbe mfereji nyuma, tuushushe udongo uachane na ukuta. Akasema hiyo ni kazi ya mwezi mzima, na mnunuzi hataiona. Akapiga lipu juu ya baka, akapaka chokaa mara tatu, na juu yake akatundika kalenda. Kalenda ilikuwa na picha ya trekta.

Mwezi ule wa kalenda mti wa peasi uliokuwa uani ukatoa maua, na siku ya pili ya maua akaja bibi.

Alipiga hodi, akaitikiwa, akapokea shikamoo zetu zote moja moja, kisha akatupita akaenda moja kwa moja kwenye mti na panga lake, akaanza kupunguza matawi. Alikuwa mwembamba, amejifunga kanga mbili, na alitembea uani bila kutazama anapokanyaga. Mume wangu akamfuata.

"Bibi, samahani, unatafuta nini?"

"Natafuta nini tena? Mti wangu huu."

"Lakini nyumba hii tumeinunua sisi."

"Mmenunua nyumba," alisema bibi. "Mti alikuuzia nani?"

Huku kwetu kila mtu anajua: mti ni wa aliyeupanda. Nyumba itauzwa, shamba litagawanywa, mti utabaki na mwenyewe, na mwenyewe atakuja kuuhudumia na kuuchuma, na hakuna wa kumzuia njia. Mume wangu alijua hayo tangu anyonyapo. Kabla ya kununua alikuwa ameuliza habari za mipaka, za makaburi, za maji na za migomba. Peasi hakuliulizia. Jioni nilipombana akaniambia kwa unyonge kwamba alidhani mila haihusu matunda yaliyoletwa na wazungu.

Tangu siku hiyo bibi alikuwa wetu. Nilidhani mti una msimu, kumbe mti ule ulikuwa na kazi nyingi kuliko mtoto mchanga. Leo anautia majivu, kesho anautoa kutu ya magome, kesho kutwa amekuja kuangalia kama ndege wameanza. Akimaliza anakaa kwenye kigogo karibu na mlango wa jikoni, ananitazama ninavyopika nje chini ya bati. "Una jiko na unapikia nje," aliniambia. "Wewe ni mgeni wa nani?" Nikampa chai.

Mapeasi yalipoanza kuiva, wanunuzi nao wakaanza kuja. Wa kwanza alitoka Mnazi, huko bondeni kwenye joto, amechoka kutoka jasho, anataka nyumba ya baridi. Mume wangu akamwonyesha madirisha. Akamwonyesha mlango wa buluu. Yule bwana akafurahi, akatoka nje kuvuta hewa, akamsalimia bibi.

"Shikamoo bibi. Hali ya huku ni nzuri sana."

"Marahaba. Ni nzuri," bibi akasema, akimchagulia peasi kubwa. "Ila Julai uje na mablanketi matatu. Moja la kwako, moja la mkeo, na moja la ukungu, maana na wenyewe unalala ndani."

Yule bwana akatazama tena madirisha, kwa jicho jingine sasa. Alikula peasi, akashukuru, akashuka bondeni na hatukumwona tena. Mume wangu alizunguka nyumba mara mbili kwa hasira. Mimi nilikuwa ninapepeta mchele, na ungo ulinifaa sana kuficha uso.

Wa pili alikuwa karani wa hapo mjini, kijana nadhifu, viatu vinang'aa. Huyu alifika mpaka chumba cha kulala, akaisifu kalenda. Bibi alikuwa dirishani kwa nje. Akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Ukiipenda hiyo trekta, inua uone shamba lake." Kijana akainua. Baka lilikuwa limerudi, jeusi, lina manyoya.

Sasa nikiri dhambi yangu. Baada ya karani kuondoka, nilimwongezea bibi sukari kwenye chai. Na siku iliyofuata, wakati wa kumenya viazi, nikajikuta ninamweleza habari za kenchi moja ya paa iliyoungwa kwa vipande viwili. Kisha habari za bawaba za mlango. Kisha mahali ambapo lami ilikuwa inaachia. Sikumwambia awaambie watu. Nilikuwa ninapiga soga tu, mtu na jirani yake. Bibi alisikiliza akimung'unya, hakuuliza kwa nini. Wanunuzi wengine wawili walikuja, na wote wawili wakaondoka na mapeasi tu.

Mume wangu akajaribu kuununua mti. Alikwenda kwa bibi kwa heshima zote, na sukari na kanga mpya. Bibi alikataa. Akapandisha bei, bibi akakataa. Akauliza basi anataka nini. Bibi akamwambia, "Nataka mapeasi yangu." Mume wangu akarudi akiwa na kanga yake mkononi na akanipa mimi. Nilimshukuru, ilikuwa nzuri.

Siku moja ikanyesha ghafla, bibi akiwa mtini. Nikamvuta ndani ya lile jiko jeupe lisilopikiwa. Pale mlangoni palikuwa na jiwe lililoinuka, na sisi sote, hata mume wangu aliyejua kila msumari, tulijikwaa pale kila siku ya Mungu. Bibi aliingia amegeuza kichwa ananiambia jambo la mvua, na mguu wake ukapanda jiwe na kushuka bila yeye kulitazama.

Nikaangalia mguu wake, nikaangalia jiwe. Akajifuta uso, akazungusha macho ukutani.

"Mafiga yangu yalikuwa upande ule," alisema. "Huku moshi unarudi ndani. Mume wako ameweka jiko pabaya."

"Bibi, uliwahi kukaa humu?"

"Hapa ni kaya yangu," akasema, kaya ya Kishambaa, yaani nyumbani, kama mtu anayetaja kitu cha kawaida. "Niliolewa hapa. Huo mti niliupanda nikiwa na mwanangu wa kwanza tumboni, mche niliomba kule misheni, watu wakanicheka kwamba napanda tunda la wazungu."

Akanieleza bila machozi. Mumewe alikufa, shemeji zake wakauza nyumba, yeye akarudi kwa kaka yake na huko yuko mpaka leo. Aliyenunua akamwuzia yule wa Muheza, wa Muheza akatuuzia sisi. Kila mmoja alitaka kuununua mti na kila mmoja alikataliwa. Nikamwuliza kwa nini hakuuza, walau apate cha kumsaidia.

Alinitazama kama anavyowatazama wanunuzi. "Nikiuza," alisema, "nitakuja kufanya nini hapa?"

Mvua ilipokatika akaenda zake. Mimi nilibaki jikoni nimeshika kiuno. Kwa majuma mengi nilikuwa nimemtumia mwanamke yule kama mbwa wa getini, nikijiona mjanja. Niliona aibu. Na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu katika nyumba tano nilikuwa sijapanda hata mchicha, kwa ajili ya kuhamahama. Siku nikizeeka, nisingekuwa hata na mti wa kunipa ruhusa ya kupiga hodi.

Mume wangu akawa amejifunza. Alisubiri siku ambayo bibi amekwenda msibani, ndipo akamleta mnunuzi wa tano. Alikuwa bwana mmoja wa Korogwe, mpole, amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge na sasa anataka kupumzika penye baridi na mama yake mzee. Alizunguka, akaridhika, wakashikana mikono. Atahamia mwisho wa mwezi. Mume wangu aliniletea habari hizo akiwa na nyama ya mbuzi, na nilijua maana ya nyama. Niliipika, nje. Mimba ilikuwa imefika pale ambapo unaomba watu wakuokotee vitu.

Sikulia. Nilisema tu, "Siondoki." Akasema, "Utaipenda ya saba."

Kumbe yule karani wa viatu alikuwa hajasahau. Mtu akiinua kalenda akakuta kile alichokikuta yeye, lazima amweleze mwenzake, na habari ikatembea ofisini, ikatoka ofisini, ikapanda kilima mpaka kwa balozi: kuna fundi anafanya ulanguzi wa nyumba. Jumamosi asubuhi balozi akaja na daftari, na safari hii akaja na mwenyekiti wa kijiji. Wakakaa uani. Mwenyekiti hakuzunguka. Alisema kama nyumba hii ni bidhaa, kijiji kitaichukua kiifanye ghala la pembejeo, na fundi ataeleza mbele ya mkutano.

Mume wangu akabadilika rangi. Lakini fundi ni fundi. "Bidhaa, ndugu mwenyekiti? Tunakaa hapa! Mwulizeni mama mwenyewe." Akanigeukia, akanikonyeza kwa jicho la upande wa mti, kama alivyonikonyeza katika nyumba tano.

Balozi akaniuliza, "Mama, hapa ni kwenu au ni pa kuuza?"

"Hapa ndipo kwetu," nikasema. "Hatuhami."

Maneno yale yale. Lakini nilipoyasikia yametoka, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, na mume wangu naye alisikia, kwa sababu aliacha kutabasamu. Nikaona nikinyamaza hapo, mwisho wa mwezi nitafunga vitanda. Nikasogea mbele na tumbo langu.

"Ndugu balozi, andika. Andika wakazi wa kudumu. Na huyu mume wangu ana aibu tu kusema, lakini kwa kuwa sasa sisi ni wa hapa, ameniambia anataka kujitolea. Nasikia shule inaongezewa madarasa mawili na hamna fundi. Atayajenga yeye. Milango na madawati pia."

Nilikuwa sijapanga. Mungu ni shahidi, yalitoka yenyewe. Mwenyekiti alisimama, akampa mume wangu mkono kwa mikono yote miwili, akasema huyu ndiye mwananchi, na maneno ya watu ni maneno tu. Balozi aliandika kwa herufi kubwa, akamsomea mume wangu, akamwuliza kama ndivyo. Mume wangu alinitazama mimi, si daftari.

"Ndivyo," akasema.

Walipokwenda akakaa kwenye kigogo cha bibi. "Umenifunga," aliniambia.

"Nimekufunga nyumbani kwako."

"Madarasa mawili, mama watoto! Na madawati!" Akataka kukasirika na kicheko kikamtangulia, kisha kicheko nacho kikamwacha njiani. Kesho yake alipanda basi kwenda Korogwe kumwambia yule bwana mpole kwamba nyumba haiuzwi. Ile ilikuwa aibu yangu, na ameibeba yeye, na sijaisahau.

Mtoto alizaliwa mle mle, kwenye chumba chenye kalenda. Msichana. Yakaja masika, na mvua ya huku ikianza haina adabu. Usiku wa tatu mtoto akakohoa. Wa nne akakohoa zaidi. Asubuhi yake nikamwambia mume wangu kwamba nimepata nyumba niliyoitaka na sasa nataka ya kukaa.

Alikwenda chumbani, akaishusha kalenda, akabandika kiganja ukutani. Alipokiondoa kilikuwa kimelowa.

"Humu hamfai kulala mtoto," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimetengeneza mimi."

Tukamhamishia mtoto jikoni, nikawasha moto mle ndani kwa mara ya kwanza, kwenye upande alioutaja bibi, na moshi ukatoka vizuri. Mume wangu akaingia nyuma ya nyumba na sururu. Alichimba siku kumi na tisa, mvua ikimpiga mgongoni, akaushusha udongo wote ulioegemea ukuta, akakata mfereji mpana hadi pembeni, akautandika mawe. Kisha akabomoa lipu yake mwenyewe. Bibi alikuja siku hiyo, akasimama akimtazama anavyobomoa, akala peasi la mwisho la msimu. Kisha akaniomba ampakate mtoto, naye mtoto akalala.

Jioni ile mume wangu alikuwa amekaa mlangoni na matope mpaka masikioni. Nikampa uji. Aliushika bila kunywa.

"Zile tano," alisema.

"Zimefanyaje?"

"Sikuchimba mfereji hata mmoja." Akauweka uji chini. "Ile ya Mlola, yule mama alikuwa na mapacha wachanga."

Nilitaka kumtania, nilikuwa na neno tayari mdomoni. Nikaliacha. Nilimwona jinsi alivyokuwa akimtazama binti yake, nikakaa karibu naye tukasikiliza mvua.

Jumatatu aliamka mapema, akafunga jembe, koleo na sururu kwa kamba moja. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Mlola," alisema. "Kuna kazi sikuimaliza." Akavaa koti, akaenda.